Rukhmabai: Mwanamke aliyekuwa radhi kufungwa

KILA mjadala kuhusu ndoa za mapema unapozuka, lawama zote hubebeshwa mila. Hudhaniwa kwamba palipo na mahakama na sheria iliyoandikwa, hapo msichana yu salama. Maisha ya Rukhmabai, aliyezaliwa Bombay, India, mwaka wa 1864, yanatuonya tusiwe wepesi wa kuamini hivyo.

Alifiwa na babaye angali mdogo, na mamaye akaolewa tena na Sakharam Arjun, daktari aliyethamini elimu. Kwa kufuata desturi ya jamii yao, Rukhmabai aliozwa akiwa na umri wa miaka 11. Mumewe, Dadaji Bhikaji, alikuwa na miaka 19. Hata hivyo, binti huyo hakuhamia kwa mume. Alibaki kwa wazazi wake, akajisomea nyumbani, na kadiri alivyopevuka ndivyo alivyozidi kuikataa ndoa ambayo hakuulizwa kama anaitaka.

Mnamo 1884 Dadaji alifika mbele ya Mahakama Kuu ya Bombay kudai mkewe aamriwe kwenda kuishi naye. Jaji Pinhey aliitupilia mbali kesi hiyo mwaka uliofuata, akiona ni ukatili kumlazimisha mwanamke aliyeozwa utotoni aishi na mtu asiyemridhia. Dadaji akakata rufaa na kushinda. Mnamo Machi 1887, Jaji Farran alimwamuru Rukhmabai aende kwa mumewe katika muda wa mwezi mmoja, ama sivyo afungwe jela miezi sita. Rukhmabai alijibu kwamba yu tayari kufungwa.

Ajabu ni kwamba dai hilo la kurejeshewa mke kwa amri ya korti halikutoka katika sheria za Kihindu. Asili yake ilikuwa mahakama za kanisa za Uingereza. Isitoshe, Uingereza yenyewe ilikuwa imeiondoa adhabu ya kifungo katika kesi za aina hiyo mwaka ule ule wa 1884, ilhali katika koloni lake iliendelea kutumika. Basi mila ilimfunga binti huyu kwa mkono mmoja, na sheria ya mgeni ikamfunga kwa mkono wa pili.

Rukhmabai hakunyamaza. Tangu 1885 alikuwa ameandika barua katika gazeti la Times of India, akificha jina lake, kueleza madhila ya wasichana wanaoozwa mapema na ya wajane. Kesi yake ikazungumzwa India na Uingereza pia. Hatimaye, mnamo Julai 1888, Dadaji alikubali kulipwa rupia 2,000 na kuachana na madai yake.

Mwaka uliofuata Rukhmabai alisafiri hadi London kusomea udaktari. Alihitimu 1894, akarejea nyumbani na kuwatibu wanawake kwa miaka mingi mjini Surat. Alifariki mwaka wa 1955.

Kesi yake ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyochochea sheria ya 1891, iliyopandisha umri wa msichana kuingiliwa kutoka miaka 10 hadi 12. Hata hatua hiyo ndogo ilipingwa vikali na viongozi mashuhuri kama Tilak.

Hapa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka umri wa kuoa na kuolewa kuwa miaka 18. Ni sheria njema, lakini karatasi haimwendei msichana nyumbani kwao kumtetea. Rukhmabai aliokolewa kwanza na vitabu vilivyomfumbua macho, na wazazi waliosimama naye wakati jamii ilipomgeuka. Mwalimu anayeliona dawati la mwanafunzi wake wa kike li tupu asiingojee korti iamue. Na aanze yeye kuuliza binti huyo yu wapi.