Newton na Mashua ya Takawiri

Isaac Newton alizaliwa Uingereza mwaka wa 1642, kwa kalenda ya huko wakati huo, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Tauni ilipofunga Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka wa 1665, alirejea kijijini na kuendelea kutafakari. Kitabu chake cha mwaka wa 1687 kilieleza kwamba nguvu zikilingana, kilichotulia hutulia, na kiendacho huendelea kwa kasi ileile, kikifuata mstari mnyoofu.

Wanafunzi wengi hudhani nguvu zikilingana ni lazima kitu kisimame. Waitazame mashua ya Takawiri, katika Ziwa Victoria: msukumo wa tanga ukilingana na ukinzani wa maji, mashua haisimami, bali haiongezi wala kupunguza kasi. Walimu, ufuo nao ni maabara. Newton alifariki mwaka wa 1727. Kanuni yake ingali ikisafiri.