Sandow na Kazi ya Kufunza Miili

Wanafunzi wanaokaribia kumaliza shule hapa Ganjoni wamezidi kuniuliza kuhusu kazi ambayo wazee wao hawakuihesabu kuwa kazi: kuajiriwa na kampuni yenye ukumbi wa mazoezi, na kumshughulikia mteja mmoja mmoja, kumwongoza katika kunyanyua vyuma na kunyoosha viungo, kisha kulipwa mwisho wa mwezi. Baadhi ya walimu wenzangu huwacheka. Mimi siwacheki. Kazi hiyo ina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imo katika maisha ya mtu mmoja, Eugen Sandow, ambaye yafaa wanafunzi hao wamjue kwa mazuri yake na kwa mabaya yake.

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1867 mjini Königsberg, huko Prussia, akapewa jina la Friedrich Wilhelm Müller. Aliondoka kwao angali kijana, yasemekana kwa kukwepa kuandikishwa jeshini, akawa anatangatanga Ulaya pamoja na wanasarakasi. Mjini Brussels alikutana na Louis Durlacher, aliyejiita Profesa Attila, naye alikuwa mwalimu wa mazoezi kabla mazoezi hayajawa somo. Attila hakumkuta pahalawani aliyekwisha kukamilika. Alimkuta kijana mwenye uwezo asiyekuwa na mpango, akampangia vyuma vizito hatua kwa hatua, akamfundisha namna ya kusimama mbele ya watu. Mwaka 1889 akamwita London ili akabiliane na Samson, mbabe aliyekuwa akiwatolea watu changamoto jukwaani, na kijana akamshinda. Toka usiku huo jina la mwanafunzi likavuma kote, ilhali la mwalimu wake lilibaki vinywani mwa wachache. Walimu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Mwaka 1893 Sandow alikuwa Chicago, chini ya tajiri wa maonyesho Florenz Ziegfeld, ambaye alitambua kwamba watazamaji walivutiwa na umbo la mtu huyu kuliko uzito aliouinua. Mwaka uliofuata akapigwa picha za sinema katika studio ya Edison, miongoni mwa watu wa kwanza duniani kupigwa picha hizo. Mwaka huohuo, mjini San Francisco, alitangaziwa kupigana mieleka na simba. Simba mwenyewe aliingizwa ulingoni kafungwa mdomo na kuvishwa vifuko makuchani, wala hakuonyesha hamu yoyote ya kupigana. Miaka 4 baadaye simba wa Tsavo hawakuvishwa kitu.

Lakini si maonyesho yanayonifanya nimwandike. Mwaka 1897, katika mtaa wa St James's mjini London, Sandow alifungua taasisi ya mazoezi ya viungo, na baada ya hapo matawi kadhaa. Mwanafunzi alipofika alipimwa kwanza: kifua, mkono, paja, shingo. Vipimo viliandikwa, akapangiwa mazoezi yanayomfaa yeye, na baada ya muda akapimwa tena ili ijulikane kama amefaidika. Aliye mbali aliletewa maagizo kwa posta. Mwaka 1898 likaanza gazeti lake la mazoezi, na kulikuwa na vyuma vya mkononi vyenye springi vilivyouzwa kwa jina lake. Kijana wa leo anayemshikia mteja daftari la vipimo katika ukumbi wowote wa Mombasa anafanya lile lililokuwa likifanywa pale St James's.

Bila shaka Sandow hakuweza kuwa katika kila tawi. Waliosimama na wateja kutwa nzima walikuwa wakufunzi walioajiriwa. Mteja alilipia jina la Sandow, akapewa jasho la mtu mwingine. Hapa ndipo ninapowaambia vijana wanaoniuliza wasome mkataba kabla ya kutia sahihi: wajue ni sehemu gani ya ada ya mteja itakayowafikia, na ni nani atakayewalipa siku watakapoumia mgongo. Na wasome elimu ya mwili kwa bidii, biolojia isiwe ya kukariri kwa ajili ya mtihani tu, maana goti la mtu mzima likiharibiwa na mkufunzi asiyejua huwa halirudi kama lilivyokuwa.

Tarehe 14 Septemba 1901 Sandow aliandaa shindano kubwa la miili katika Royal Albert Hall. Waamuzi wenzake walikuwa mchongaji Charles Lawes na mwandishi Arthur Conan Doyle. Ukubwa wa misuli haukutosha peke yake; waliangalia pia ulinganifu wa mwili, afya na hali ya ngozi. Mshindi alikuwa William Murray wa Nottingham. Kipimo hicho nakisifu, na natamani kingerejea katika kumbi zetu, ambamo kijana hutunisha mikono akasahau miguu.

Mwaka huohuo jumba la makumbusho la London lilichukua umbo la mwili wake wote kwa plasta, uwe mfano wa mwili kamili wa Mzungu. Hili silisifu. Wakati plasta ile inakauka, reli iliyoanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 ilikuwa inakaribia ziwa, ambako ilifika Desemba 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 walikuwa wameletwa kutoka India kuijenga, na karibu 2,500 miongoni mwao walikufa, bila kuwataja Waafrika waliobeba na kuchimba pamoja nao. Hakuna aliyekuja na utepe kupima vifua vyao. Hata mahamali wa Kilindini, ambao migongo yao iliijenga bandari hii, hawakuingia katika makumbusho yoyote kwa ajili ya nguvu zao.

Kadiri alivyotajirika ndivyo Sandow alivyozidi kuahidi. Alitangaza kuwa mazoezi yake yanatibu maradhi chungu nzima bila dawa, ahadi ambayo hakuna mkufunzi mwaminifu awezaye kuitoa. Mwaka 1911 Mfalme George V alimteua kuwa mwalimu wake wa mazoezi. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na kila chenye harufu ya Ujerumani kikachukiwa. Biashara ya kakao aliyoianzisha ikaporomoka.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1925, akiwa na umri wa miaka 58. Watu walisimulia kwamba aliumia kwa kuliinua gari lililotumbukia mtaroni, lakini hadithi hiyo inafanana mno na matangazo yake. Mkewe, Blanche, aliyekuwa amechoshwa naye, hakutaka kaburi liwekwe alama yoyote. Lilikaa hivyo katika makaburi ya Putney Vale kwa miongo mingi, hadi karne hii ya 21, jamaa wa ukoo wake walipoliwekea jiwe kubwa. Limechongwa jina alilojipa mwenyewe, Sandow.