Mtakatifu Bakhita na Bwana Wake

Wako watu ambao kushukuru ni kazi nyepesi kwao, maana walizaliwa penye neema, wakalelewa na wazazi wao, wakala wakashiba. Shukrani yao ni njema, wala hatuidharau. Lakini leo twataka kumtazama mwana-Afrika ambaye, kwa hesabu ya kibinadamu, hakuwa na deni la shukrani kwa mtu yeyote: Mtakatifu Josephine Bakhita wa Sudani, ambaye Kanisa humkumbuka kila tarehe 8 Februari.

Alizaliwa karibu na mwaka 1869 katika nchi ya Darfur, katika jamaa iliyokuwa na mali na watoto wengi. Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hivi, watu wawili walimkuta mashambani wakamteka. Wasomaji wetu wa pwani hawana haja ya kuelezwa habari hizo, kwa kuwa babu zao waliliona soko la watumwa la Unguja mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Huko Sudani biashara hiyo ilikuwa ingali ikiendelea. Mtoto alishikwa na hofu kubwa hata jina alilopewa na wazazi wake likampotea, wala halikumrudia tena maishani. Ndipo watekaji wakamwita Bakhita, maana yake kwa Kiarabu mwenye bahati, neno ambalo sikio la Mswahili halishindwi kulitambua. Hakika ilikuwa dhihaka!

Alitembezwa kwa miguu mpaka El Obeid, akauzwa na kuuzwa tena. Katika nyumba ya ofisa mmoja wa jeshi la Kituruki alipigwa mijeledi karibu kila siku. Hapo ndipo alipochanjwa: mwanamke alichora mistari mwilini mwake kwa unga, kisha akaifuata kwa wembe, na majeraha yakasuguliwa chumvi ili makovu yasifutike. Yeye mwenyewe alihesabu mikato 114. Mwaka 1883 alinunuliwa huko Khartoum na balozi mdogo wa Italia, Callisto Legnani, na kwa mara ya kwanza tangu atekwe akakaa katika nyumba asimopigwa. Vita vya Mahdi vilipoukaribia mji, bwana huyo aliondoka, naye Bakhita akaomba kufuatana naye. Mwaka 1885 walifika Italia, na huko akapewa jamaa nyingine, ya Augusto Michieli, awe yaya wa binti yao mdogo.

Msimamizi wa mali ya jamaa hiyo, Illuminato Checchini, alimpa msalaba mdogo wa fedha. Bakhita aliuficha asije akanyang'anywa, akawa akiutazama kwa siri bila kujua ni wa nani. Tangu utotoni alikuwa amezoea kulitazama jua, mwezi na nyota, akijiuliza ni nani mwenye vitu hivi vizuri, na moyo wake ukitamani kumjua na kumsujudia. Mwaka 1888, bibi yake alipokwenda Afrika kumfuata mumewe, Bakhita na mtoto walikabidhiwa kwa Masista wa Canossa huko Venezia, na hapo akafundishwa dini. Watu wa nchi ile humwita mwenye mali, na mwajiri, kwa neno paron, yaani bwana. Bakhita alikuwa amewajua mabwana wengi. Sasa akaambiwa kwamba yuko Bwana aliye juu ya mabwana wote, na kwamba Bwana huyo mwenyewe alipigwa mijeledi, akampenda. Tangu siku zile neno hilo kinywani mwake likawa jina la Mungu.

Bibi aliporudi kumchukua, Bakhita alikataa kutoka. Tunaomba wasomaji wasilipite jambo hili upesi. Msichana wa miaka ishirini hivi, asiye na ndugu wala mali katika nchi ya kigeni, aliyempenda mno mtoto yule aliyemlea na kujua kwamba atatengana naye, alisimama mbele ya bibi wake, Patriarka wa Venezia na mwendesha mashtaka wa Mfalme, akasema hapana. Tarehe 29 Novemba 1889 ikatolewa hukumu: sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita yu huru. Tarehe 9 Januari 1890 akabatizwa Josephine Margaret Fortunata. Jina hili la mwisho ni Bakhita kwa Kilatini, na safari hii halikuwa dhihaka. Baadaye alionekana mara nyingi akilibusu birika la ubatizo.

Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896, na mwaka 1902 akapelekwa Schio, katika jimbo la Vicenza. Habari za huko ni fupi, kwa sababu kazi zake hazikuwa za kuandikwa: alipika, alidarizi, alitunza sakristia, alikuwa bawabu akiwafungulia watu mlango na kuwawekea watoto mkono kichwani.

Siku moja kijana alimwuliza angefanya nini kama angekutana na wale waliomteka. Akajibu kwamba angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa kuwa bila hayo asingekuwa Mkristo wala mtawa. Wapo wanaochukizwa na jibu hilo, nasi twawaelewa. Lakini aliyelitoa si mtu asiyejua thamani ya uhuru. Alikuwa ameudai mbele ya wakubwa. Hakuusifu utumwa hata kidogo. Alisamehe akiwa mtu huru, na msamaha huo hakuna bwana aliyeweza kumwamuru autoe.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000.

Uzeeni aliugua kwa muda mrefu, akawa akisukumwa katika kiti cha magurudumu. Amani yake haikumwondolea kumbukumbu. Katika homa ya siku za mwisho alirudi tena njiani katika msafara wa watumwa, akamsihi aliyemwuguza amlegezee minyororo, maana ilikuwa mizito. Kisha akatulia, akatabasamu, akamwita Bikira Maria, akafa. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 8 Februari 1947.