Nikolaus von Zinzendorf: Upendo Kwanza, Kisha Wimbo

Kwaya ikifikisha jubilei watu huuliza imeimba nyimbo ngapi na imezuru makanisa mangapi. Ni wachache wanaouliza kama waimbaji wake wanapendana. Kwa hiyo tumeona vema kuwakumbusha maisha ya mtunzi mmoja wa nyimbo za kanisa, aliyejifunza kwamba watu waliokosana hawawezi kumwimbia Mungu vizuri.

Nikolaus Ludwig von Zinzendorf alizaliwa tarehe 26 Mei 1700 mjini Dresden, Ujerumani, katika ukoo wa kikabaila. Baba yake alifariki akiwa mtoto wa wiki chache tu. Alilelewa na nyanya yake, mama mcha Mungu, aliyemfundisha kuomba na kuimba. Alisoma sheria, kisha akapewa kazi serikalini, ingawa moyo wake ulikuwa katika kazi ya Mungu.

Mwaka 1722 alinunua shamba la Berthelsdorf kutoka kwa nyanya yake. Mwaka huohuo wakimbizi kutoka Moravia, waliokuwa wakiteswa kwa ajili ya imani yao, walimwomba mahali pa kukaa. Aliwakubalia. Fundi seremala Christian David alikata mti wa kwanza, na kijiji cha Herrnhut kikaanza. Habari zilienea, na kufikia mwaka 1727 watu walikuwa kama 300.

Lakini si wote waliotoka kanisa moja. Kila kundi lilikuja na desturi zake na kuona lake ndilo sahihi. Palitokea mabishano makali juu ya ibada na mafundisho, hata wengine wakamwita Zinzendorf, mwenyeji wao aliyewapa ardhi, yule mnyama wa kitabu cha Ufunuo. Angeweza kuwafukuza, kwa kuwa shamba lilikuwa lake. Badala yake aliacha shughuli zake za Dresden, akahamia Herrnhut na kwenda nyumba kwa nyumba, akisikiliza, akiomba na kusoma Neno pamoja nao. Tarehe 12 Mei 1727 walikubaliana juu ya kanuni za kuishi pamoja kama ndugu.

Tarehe 13 Agosti mwaka huo walikusanyika katika kanisa la Berthelsdorf kwa Meza ya Bwana. Roho Mtakatifu aliwagusa kwa namna ambayo hawakuisahau. Waliokuwa hawasalimiani walilia na kusameheana. Ibada ilipokwisha hawakutaka kuachana, na Zinzendorf akawapelekea chakula kutoka jikoni kwake wale pamoja. Hapo ndipo ilipoanza desturi yao ya karamu ya upendo. Siku chache baadaye walianza zamu za maombi, saa baada ya saa, usiku na mchana, na zamu hizo ziliendelea kwa zaidi ya miaka 100.

Nyimbo nazo zilibubujika. Zinzendorf alitunga nyimbo zipatazo 2,000. Walikuwa na ibada za kuimba tu, wakitoka ubeti wa wimbo huu kwenda ubeti wa wimbo mwingine bila kitabu, maana waliziweka moyoni.

Upendo huo haukubaki kijijini. Mwaka 1732 Leonhard Dober, mfinyanzi, na David Nitschmann, seremala, walitumwa kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Mwaka 1739 Zinzendorf mwenyewe alifika huko, akawakuta wamisionari wake gerezani, akahakikisha wamefunguliwa. Mwaka 1736 John Wesley alikuwa na Wamoravian melini katika dhoruba. Walipoimba bila woga, aliguswa sana. Baadaye alikwenda Herrnhut kuwaona. Wamethodisti waliofika Ribe, hapa kwetu, mwaka 1862, ni matunda ya huduma ya Wesley. Wamoravian nao walifika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891.

Zinzendorf hakuwa malaika. Alifukuzwa Saxony kwa miaka mingi, baadhi ya mafundisho yake yalileta fujo, na kazi yake iliacha madeni makubwa. Alifariki Herrnhut tarehe 9 Mei 1760. Lakini ndugu aliowapatanisha hawakutawanyika.

Ndugu waimbaji, kwaya huvunjika kwa mambo madogo: sare, nani aanzishe wimbo, pesa za kurekodi, nani aliachwa nyuma kwenye safari. Sauti nne zinaweza kupatana huku mioyo imetengana, na kanisa lisitambue. Mungu hutambua. Bwana wetu alisema ulimwengu utatujua kuwa wanafunzi wake kwa kupendana, wala hakutaja uzuri wa sauti.

Basi kabla keki ya jubilei haijakatwa, aliye na neno na mwenzake amwendee. Kisha tuimbe.