Mtengeneza sabuni na watu wa Lokutu

Safari hii tumechagua maisha ya Mzungu, na wengine watashangaa. Ni William Lever, yule wa kompani ya mawese ya Lokutu. Wazee wa Basoko wanajua bado jina la Elisabetha. Ni kompani yake iliyopaita pale hivyo, kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji.

Lever alizaliwa 1851 kule Bolton, Uingereza, mtoto wa mwenye duka. Kwao walikuwa Waprotestanti wa kusali kweli, na yeye hakuiacha ile imani mpaka kufa. Mwaka 1885 alianza kupika sabuni pamoja na ndugu yake, sabuni ikapendwa sokoni, akawa tajiri. Sasa tuangalie alifanya nini na ile pesa. Mwaka 1888, karibu na Liverpool, alianza kujenga Port Sunlight, kijiji cha wafanyakazi wake. Wakati ule familia nyingi za wafanyakazi Uingereza zilibanana katika vyumba vichafu. Yeye aliwajengea nyumba za matofali zenye bustani, pamoja na masomo, hospitali na kanisa. Kufika 1914 nyumba zilikaribia 800. Alipokuwa mbunge, kutoka 1906 mpaka 1909, alipigania wazee wapate pansheni. Hatuwezi kusema huruma yake ilikuwa ya mdomo tu.

Lakini yeye ndiye aliyeamua yote. Hakupenda kugawa faida ya kiwanda mkononi mwa watu; aliona anajua kuliko wao itawafaa namna gani. Na mutu akipoteza kazi, nyumba nayo imekwenda. Sisi tunaogawa ndoo na blanketi tunaijua hiyo tabia, tusijifiche.

Sabuni inataka mafuta. Aprili 1911 Lever alifanya mapatano na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki ya kuchagua mpaka hekta 750,000 za misitu ya ngazi katika Kongo. Kwenye karatasi mapatano yalikuwa mazuri: mshahara usioshuka chini ya kiasi kilichowekwa, daktari, hospitali, masomo. Alikuja hata mwenyewe kuangalia. Kumbe zile ngazi hazikuwa za bure porini, vijiji vilizikata tangu mababu. Sasa mwanakijiji alitakiwa kuziuza kwa kompani peke yake, kwa bei ya kompani. Kodi ya Leta ilidai franka, machifu walisukumwa watoe vijana, na aliyekimbia alitafutwa. Mwaka 1923 daktari mmoja wa Leta aliandika ripoti kali juu ya maisha ya wafanyakazi kule Leverville, upande wa Kwilu. Mwaka 1931, Lever akiwa amekwisha kufa, Wapende wa upande ule waliasi, na askari wa koloni wakaua mamia.

Mutu mmoja, imani moja. Tumejiuliza sana inakuwaje. Kuna kisa kingine cha maisha yake kinachotusaidia, na sisi waliorudi kinatugusa zaidi.

Mwaka 1918 Lever alinunua Lewis, kisiwa cha Uskoti. Alitaka kuwainua wakaaji kwa viwanda vya samaki, kazi na mshahara wa kila juma. Lakini wanaume walikuwa wanarudi kutoka vitani, na serikali ilikuwa imewaahidia udongo. Walitaka kipande cha shamba, kidogo hata, lakini chao. Lever hakuelewa kabisa mutu anakataaje mshahara juu ya shamba la mawe. Wao waliingia katika mashamba yake, wakapima viwanja. Mwaka 1923 alikubali ameshindwa, akasema wachukue udongo bure. Mji wa Stornoway ulipokea, na mpaka leo udongo wake unashikwa na halmashauri inayochaguliwa na wakaaji wenyewe.

Watu wa Lewis hawakuwa na akili kuliko mababu wa Lokutu. Walikuwa na kura, na serikali iliyowaogopa kidogo. Walisema hapana, na tajiri alilazimika kuwasikia. Huku kwetu aliyesema hapana alitafutwa na askari, na Lever aliweza kurudi kwake akiamini amewatendea watu mema. Kwa maoni yetu aliamini hivyo kweli, na hapo ndipo panapotutisha.

Alikufa tarehe 7 Mei 1925, kwa ugonjwa wa mapafu, muda mfupi baada ya kurudi kutoka safari yake ya mwisho Afrika. Kompani ilibadilisha wenyeji mara kadhaa. Novemba 2018, jamii tisa za kandokando ya yale mashamba zilipeleka mashitaka kwa benki ya maendeleo ya Ujerumani iliyokuwa imeikopesha kompani pesa. Zilidai udongo wa mababu zao.