Hans Geiger, Mtu Aliyehesabu Yasiyoonekana

Sisi wa Kibera na Kawangware hewa mbaya tunaijua kwa pua. Jirani akichoma takataka za plastiki, mara moja tunafunga dirisha. Lakini kuna uchafu wa hewa usio na moshi wala harufu, nao ni wa mionzi ya nyuklia. Mmoja wa waliotuwezesha kuutambua ni Hans Geiger.

Geiger alizaliwa Ujerumani tarehe 30 Septemba 1882. Baada ya kupata udaktari wa fizikia mwaka 1906, alienda Manchester, Uingereza, akawa msaidizi wa Ernest Rutherford. Kazi yenyewe haikuwa mchezo, jameni! Walikaa gizani wakikodoa macho, wakihesabu nukta za mwanga moja moja mpaka macho yakachoka. Geiger aliona kwamba jicho la binadamu halitoshi. Mwaka 1908 yeye na Rutherford wakaunda chombo cha kuhesabu kwa umeme.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimpeleka jeshini, lakini aliporudi hakuacha kazi yake. Mwaka 1928, mjini Kiel, yeye na mwanafunzi wake Walther Müller walikiboresha kifaa hicho. Kilikuwa mrija wenye gesi na waya katikati. Mionzi ikipita ndani, umeme unashtuka, na kifaa kinaweza kulia ta, ta, ta.

Geiger alifariki tarehe 24 Septemba 1945. Miaka 40 hivi baadaye, tarehe 26 Aprili 1986, mtambo wa Chernobyl ulilipuka. Wakubwa wa Muungano wa Kisovieti wakanyamaza kimya. Siku mbili baadaye, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo, mfanyakazi wa kituo cha Forsmark, Uswidi, alipimwa na kengele ikalia. Viatu vyake vilikuwa na vumbi lililoletwa na upepo. Jioni hiyo wakubwa wakakiri.

Hata huku kwetu Afrika Mashariki, Dar es Salaam kuna kituo cha kimataifa kinachovuta hewa kupitia chujio ili kunasa dalili za majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mitambo yake si ya Geiger, lakini kazi ni ile ile ya kuhesabu bila kuchoka.

Wenzangu, upepo hauulizi kama wewe ni wa Kibera au wa Karen. Mkubwa anaweza kuficha habari, lakini anayepima atazijua tu. Basi wewe unayelia kwamba hesabu ni ngumu, mkumbuke Geiger pale gizani. Haba na haba hujaza kibaba!