Rugamba, mtunzi aliyekataa kabila kwenye kitambulisho

KILA tarehe 13 Aprili, wiki ya maombolezo hufungwa kwenye kilima cha Rebero, jijini Kigali. Hapo wamezikwa wanasiasa waliouawa mwaka 1994 kwa kupinga siasa za ubaguzi, pamoja na maelfu ya raia. Cyprien Rugamba hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, na aliuawa siku ya kwanza ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi.

Rugamba alizaliwa mwaka 1935 huko Cyanika, kusini mwa Rwanda. Alisoma seminari, akaacha njia ya upadri, kisha akasomea historia Burundi na Ubelgiji. Mwaka 1965 alimwoa Daphrose Mukasanga, wakajaliwa watoto kumi. Mjini Butare aliongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kisayansi, akichunguza mashairi na simulizi za wazee.

Hakuridhika kuyaacha hayo kabatini. Aliunda kikundi cha Amasimbi n'Amakombe, cha waimbaji na wacheza ngoma, akawapa nyimbo zilizojengwa kama hadithi: mlafi anayeumbuka, jirani anayegawana kidogo alichonacho, mke na mume wanaopatana. Nyimbo hizo zilirekodiwa, na redio ikazifikisha hata kwa asiyejua kusoma. Hadi leo zinapigwa.

Mwaka 1982 alirejea katika imani yake ya Kikatoliki, na mwaka 1990 yeye na Daphrose wakaanzisha jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda. Watoto wa mitaani wa Kigali walipata chakula kwao.

Wakati huo kila Mnyarwanda alibeba kitambulisho kilichoandikwa kabila lake, utaratibu ulioachwa na wakoloni wa Kibelgiji. Rugamba alipinga waziwazi, akitaka neno hilo liondolewe. Halikuondolewa. Mwaka 1994 kadi hiyo ndiyo iliyoamua kwenye vizuizi vya barabarani nani apite na nani afe.

Asubuhi ya 7 Aprili askari walimuua nyumbani kwake Kigali, pamoja na Daphrose na watoto wao sita. Mwaka 2015 Kanisa lilianza mchakato wa kuwatangaza wenye heri.

Leo mchuuzi wa Kigali huvuka Gatuna kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa tu. Afisa husoma jina na tarehe ya kuzaliwa. Kabila halimo.